Maua Niliyompelekea Mzee Nzioka

Mwezi wa nane mwaka jana tulimzika Mama Kavata nyumbani kwake, mwendo mfupi kutoka soko la Tulia, na mhubiri akasema mbele ya watu wote kwamba marehemu alikuwa mwanamke asiyejua woga. Watu waliitikia kwa sauti. Walikuwa wakikumbuka jinsi alivyopanda miti na kuvuna asali mpaka magoti yakamkatalia, jambo ambalo wanawake wa pale hawakulifanya. Mimi nilikuwa nimeketi chini ya turubai pamoja na wazee wenzangu, leso kichwani, Mwislamu peke yangu katika safu ile, na bila kujua nikawa natikisa kichwa taratibu mpaka Kavata, bintiye, ambaye sasa ana mvi kama mimi, akanigusa mkono akaniuliza kama ni jua limenizidi. Nikamjibu ni jua. Sikuweza kumwambia pale kwamba katika maisha yangu yote sijapata kumjua mtu aliyeogopa kama mama yake, na kwamba ule mwaka mmoja nilioishi kwao niliuongeza woga huo kwa mikono yangu mwenyewe. Jioni, watu walipopungua, Kavata alinifuata nilipokuwa nikisubiri gari la kunirudisha Kitui. Alisema kuna mwaka ambao mama yake hakupenda kuuzungumzia, mwaka ambao yeye alikuwa ameshaolewa kule Salama, na kwamba anayeujua na bado yuko hai ni mimi tu. Nikamwahidi kuandika. Kavata, haya ndiyo niliyokuahidi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, na nilikuwa nimeandikwa kufundisha darasa la tatu bila mafunzo yoyote ya ualimu. Shule haikuwa na nyumba za walimu ila ile ya hedimasta, kwa hivyo yeye, mtu mpole mwenye pikipiki kuukuu iliyosikika tangu mlima wa pili, alinipeleka kwa Mzee Nzioka na mkewe, akisema wana chumba kitupu. Hakikuwa kitupu hata kidogo. Kitanda kilibanwa kati ya vibuyu vya asali, magunia ya mawele na mizinga miwili iliyopasuka ikingojea kutengenezwa. Kuta zilinuka nta na moshi wa miaka mingi, harufu iliyoingia kwenye nguo zangu hata wanafunzi wakawa wananiita Mwalimu wa Asali. Ukuta wa kati haukufika kwenye mabati, na nilipoamka alfajiri kusali nilisikia kila neno lililosemwa upande wa pili. Waliongea Kikamba. Wiki za kwanza walidhani msichana wa mjini mwenye jina la Halima hakielewi, na mimi, kwa aibu ya ugeni, sikuwaambia kwamba nimekisema tangu utoto. Nilipokuja kuwaambia, nilikuwa nimeshasikia mengi mno.

Niliyoyasikia ni haya. Mwezi mmoja kabla sijafika, Mzee Nzioka alikuwa juu ya mti akivuna, kama alivyofanya tangu ujana wake, akaumwa na nyuki mmoja shingoni. Alikuwa ameumwa na nyuki maelfu katika maisha yake, na hata hakuwa akijikuna. Safari hii, kabla hajakanyaga chini, midomo ilikuwa imevimba na koo limeanza kufunga. Vijana waliokuwa wakilisha mbuzi karibu ndio waliomkokota hadi zahanati. Daktari wa pale, ambaye kwa kweli alikuwa msaidizi lakini sote tulimwita daktari, alimdunga sindano na kumwambia Mama Kavata, si yeye mwenyewe, kwamba damu ya mzee sasa imekataa sumu ya nyuki, na kwamba akiumwa tena na asifikishwe pale upesi, atakufa. Zahanati ilikuwa mwendo wa saa nzima kwa miguu. Mizinga ya mzee, yote ikiwa na alama ya ukoo wake iliyochomwa kwa chuma cha moto, ilikuwa zaidi ya thelathini, kwenye miti kuanzia nyuma ya nyumba mpaka vilima vya mbali. Alfajiri baada ya alfajiri nilimsikia mkewe akimsihi aigawe, na yeye akijibu kwamba siku ile alikuwa hajala, alikuwa amechoka, na kwamba mtu hawezi kuuawa na kitu alichoishi nacho miaka arobaini.  Kisha mlio wa kitanda, na Mama Kavata akitoka kuwasha moto.

Sitaki mtu adhani ilikuwa nyumba ya huzuni. Tulikula vizuri kuliko nilivyotarajia. Jioni kulikuwa na muthokoi, mahindi yaliyotwangwa ganda likatoka, yamepikwa na mbaazi mpaka yakalainika, na maziwa ya kibuyu kilichopakwa mkaa ndani. Siku walipotaka kula kuku, Mama Kavata alimfunga miguu akamtia kapuni na kumpeleka akiwa hai hadi Tulia kwa mwenye duka mmoja Mwislamu amchinje, ndipo nami nile. Hakuwahi kulitaja jambo hilo. Niliambiwa na mwenye duka mwenyewe. Mzee alikuwa mcheshi, alipenda kuniuliza maneno ya Kiswahili cha pwani na kucheka jinsi yanavyosikika. Lakini katikati ya sentensi, Mama Kavata alikuwa akiinua kichwa na kunyamaza, mkono juu, kijiko hewani, nasi sote tukinyamaza pamoja naye, mpaka ahakikishe kwamba mvumo ule ni wa nzi. Baada ya miezi michache nami nikawa hivyo. Mpaka leo nikisikia mvumo chumbani siwezi kuendelea na ninachofanya.

Mwezi wa tano mbaazi zilitoa maua, na shamba lote kuzunguka nyumba likawa la manjano. Kwa mtu mwingine lilikuwa shamba zuri. Mama Kavata alilitazama kama mtu anavyotazama moto unaokuja. Aliziba dirisha la chumba chao kwa gunia, akamwita nduguye kuihamisha mizinga minne ya karibu, na akampangia mumewe saa za kutoka, asubuhi kabla ya jua kukolea na jioni nyuki wakisharudi. Mchana kutwa mzee alikaa ndani. Alijiletea gogo na tezo, akaanza kuchonga mzinga mpya pale pale kando ya kitanda, vipande vya mti vikiruka hadi mezani, na mkewe hakumzuia kwa sababu mtu anayechonga walau hatoki. Mvua za mwezi wa nne zilikuwa zimenyesha siku sita tu. Kufikia mwezi wa tisa mto ulikuwa mchanga mtupu, tukichimba visima vya kina cha mtu kupata maji, na nyuki nao, kwa kiu, wakaanza kuja jikoni. Walitua kwenye ukingo wa mitungi, kwenye vyombo vilivyooshwa, hata kwenye kitambaa kibichi. Mama Kavata akafikiria jambo. Aliweka karai mbali, ng'ambo ya ua wa mkonge, akalitia mawe na vijiti vya kutua, na kila alfajiri kabla ya shule nikawa nalijaza maji ili nyuki wanywe kule wasije nyumbani. Ilifaulu. Niliona fahari. Nilijiona mlinzi wa nyumba ile.

Wakati huo huo nilikuwa nimeanza jambo jingine. Siku moja Mama Kavata akiwa mtoni, mzee aliacha tezo akaniuliza kama nikitoka shule napita kwenye vichaka vya muthiia, ule mti mfupi wenye miiba ya kupinda. Nikasema napita.

"Umetoa maua?"

"Bado, mzee. Ni vitumba tu."

"Siku ukiona nyeupe, niletee tawi dogo. Nikinusa nitajua mizinga ya upande ule imefika wapi."

Nikamuuliza kuhusu Mama Kavata. Akaniambia Mama Kavata ana mambo mengi ya kufikiria, tusimwongezee.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilikubali. Nadhani ni kwa sababu alikuwa mtu mzima wa kwanza kuniomba kitu ambacho mimi tu ningeweza kukitoa. Na nilikuwa nimemwona akisimama nyuma ya gunia la dirishani, sikio limeelekezwa nje, akitaja kwa sauti ndogo mti ambao nyuki walikuwa wakiufanyia kazi, kama mtu anayesoma barua ya mtoto aliye mbali. Kwa hivyo muthiia ulipochanua, mweupe mtupu bila jani hata moja katika nchi iliyokauka, nilimletea. Kila mara nilivunja tawi, nikalipiga kwenye nguzo ya lango mara tatu au nne, nikaligeuza na kulikagua ua kwa ua, ndipo nikalifunga ndani ya leso. Aliliweka puani akafumba macho. Kisha alinifundisha. Alinieleza mizinga ipi iko kwenye mti upi, ipi ya zamani na ipi ina nyuki wakali, jinsi ya kupuliza moshi kutoka nyuma, jinsi ya kuacha masega ya mbele yenye watoto. Aliniambia asali ya muthiia ni nyeupe na huganda upesi, ya mti wa muuku ni nyeusi na chungu kidogo mwishoni. Nilikuwa naandika nyuma ya daftari la maandalio ya darasa. Mkewe aliporudi, tawi lilikuwa limeshatiwa motoni, na sisi wawili tulikuwa tukizungumza habari za shule. Usiku nililala vibaya. Alfajiri nilimsikia akimuuliza mumewe kwa nini siku hizi ana furaha, naye akisema ni kwa sababu mzinga mpya unakwenda vizuri.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi hedimasta aliniita kuchukua barua. Nilikuwa nimekubaliwa katika chuo cha ualimu, nianze mwezi wa kwanza. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikitembea, na nilipofika kwenye vichaka nilivunja tawi kwa mkono mmoja, barua ikiwa katika mkono wa pili, nikalitupia ndani ya leso na kwenda. Sikulipiga kwenye nguzo. Sikulikagua. Mama Kavata alikuwa kanisani na akina mama wenzake, wakisafisha kwa ajili ya ibada ya kesho. Nilimpa mzee leso, nikaanza kumsomea barua. Nilikuwa nimefika kwenye orodha ya vitu vya kubeba, blanketi mbili, jozi ya viatu vyeusi, nikasikia akivuta pumzi, si kwa nguvu. Alikuwa ameshika chini ya sikio. Nyuki alikuwa sakafuni juu ya vipande vya mti, akizungukazunguka.

"Si kitu," akasema. "Malizia barua."

Nami, Mungu anisamehe, nilisoma mstari mmoja zaidi. Nilipoinua macho alikuwa akikuna viganja. Shingo ilikuwa imepata madoa mekundu, na jicho moja limeanza kufunga. Nilimkwangua mwiba kwa ukucha. Nikamlaza chini, nikainua miguu yake juu ya lile gogo lililochongwa nusu, kwa sababu nilikumbuka mkewe akisema daktari aliagiza hivyo. Alijaribu kuniambia kitu, sauti ikatoka nyembamba kama ya mtoto. Hapakuwa na mtu mwingine pale nyumbani. Ilinibidi nimwache. Katika yote ya mwaka ule, ninachokiota bado ni hicho: kutoka mlangoni nikimwacha mtu chini, akinifuata kwa jicho moja.

Nilikimbia hadi shule. Nyumba ya hedimasta ilikuwa imefungwa, pikipiki iko ukutani. Nikaenda kwenye kengele yetu, kipande cha chuma cha reli kilichoning'inia, nikakipiga kwa jiwe bila kusita, Jumamosi mchana, mpaka mlima mzima ukajua kuna jambo. Hedimasta alitokea kwa jirani akiwa na kikombe cha chai bado mkononi. Wanaume wawili wakatoka shambani. Kutoka upande wa kanisa wakaja akina mama, na mbele yao Mama Kavata, mikono ina maji ya sabuni.  Alinitazama usoni, akageuka, akaelekea nyumbani. Pale nyumbani wanaume walimkalisha mzee kwenye pikipiki, mmoja akakaa nyuma akimkumbatia kama gunia, hedimasta akaendesha. Kichwa cha mzee kililala begani kwa hedimasta na uso wake haukuwa uso tena.

Sisi tulifuata kwa miguu. Nilitaka kukimbia, na kila nilipoongeza mwendo Mama Kavata alibaki nyuma, mpaka nikarudi nikamshika mkono.

"Usinikimbize, Mwalimu," akasema. "Kama yuko hai nitamkuta. Kama hayuko, sina haraka."

Tulitembea saa nzima. Njia yote kulia na kushoto ilikuwa na muthiia uliochanua, vichaka vinavuma, na alipita katikati yake macho yakiwa chini. Mimi nilikuwa na barua ndani ya sidiria na tawi la maua kichwani mwangu. Nilijaribu kukumbuka kama nililiacha sakafuni au nililitupa, na nikajichukia kwa kuwaza hilo wakati ule. Tulipofika tulimkuta amelazwa kwenye benchi barazani, blanketi la zahanati hadi kidevuni, anahema kwa sauti, lakini anahema. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, yeye angekuwa anatuambia mambo mengine. Mama Kavata alikaa chini kwenye saruji, akaanza kumfunga vifungo vya shati, kimoja kimoja, na vidole vyake vilikuwa vikiteleza, akawa anarudia kile kile. Aliuliza nyuki aliingiaje. Mzee alinitazama mara moja kwa lile jicho lililobaki.

"Nilifungua dirisha," akasema. "Joto lilinizidi."

 Tulirudi nyumbani kesho yake, na tawi halikuwepo. Kuku walikuwa wameingia na kutawanya kila kitu.

Jumatatu nilipotoka shule nilimkuta Mama Kavata akikandika ukuta. Hakuwa amemwamini mumewe, maana gunia la dirishani lilikuwa limeshonwa na uzi haukukatika. Kwa hivyo alikuwa ameamua kwamba kuna ufa. Alichanganya udongo na kinyesi cha ng'ombe, akaanza na chumba chao, akatafuta kila ufa kwa kidole, akipitisha koroboi kuona kama moto unatikiswa na upepo. Jumanne aliingia sebuleni. Jumatano aliziba pengo kati ya ukuta na mabati kwa matambara, akiwa amesimama juu ya kiti, jasho likimtiririka. Hakuwa analala. Nilimsikia alfajiri akiinuka kupapasa ukuta gizani. Alikuwa amekonda kwa siku tatu tu, nami nilikula muthokoi wake, nikamshikia koroboi, nikamletea maji ya kukorogea udongo, nikijua kwamba nyumba ile haikuwa na ufa wowote ila mimi. Mzee naye alijua. Alilala akitazama ukuta. Alipokutana na macho yangu alitikisa kichwa kidogo, akiniambia ninyamaze.

Alhamisi Mama Kavata alifika chumbani kwangu. Alikuwa amesogeza vibuyu na amepiga magoti kwenye kona, mikono imejaa udongo hadi kwenye viwiko. Nikasimama mlangoni nikamwambia. Niliyasema yote kwa Kikamba ili yasiwe na pa kujificha: maua, leso, nguzo ya lango, na ile barua. Hakugeuka mpaka nilipomaliza. Alitoka nje akanawa mikono kwenye beseni, polepole, mpaka kwenye viwiko, akakung'uta maji.

"Ulikula chakula changu kila siku ukijua."

"Ndiyo, mwaitu," nikasema, neno la Kikamba la kumwita mama.

"Na yeye alijua."

"Ndiyo."

"Basi mlikuwa wawili," akasema. "Mimi nilikuwa peke yangu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kwa maneno hayo sikuwa nimejiandaa. Aliniambia hanichukii, ila hawezi kulala nyumba moja nami. Nilifunga vitu vyangu mchana huo huo. Mzee alikuwa mlangoni mwa chumba chao, amejishikilia ukutani, alitaka kusema jambo, na mkewe akapita katikati yetu akibeba beseni. Hedimasta alinipa stoo ya shule, nikalala kati ya majembe na madawati mabovu. Nilikula mkate na chai. Kila asubuhi niliendelea kulijaza lile karai kabla ya jua, kwa siri kama mwizi, kwa sababu hakuna aliyeniambia niache. Asubuhi ya nne nilikuta limeshajazwa. Nikaelewa, nikaacha kwenda.

Mvua ilikuja katikati ya mwezi wa kumi na moja, ikanyesha kweli. Muthiia ukapukutisha maua. Shule ilikuwa imebakiza siku chache kufungwa, na nilikuwa nimeanza kujiambia kwamba mambo yameisha, wakati alasiri moja Mama Kavata aliposimama kwenye mlango wa stoo. Alikuwa amevaa koti la mumewe la mvua na ameshika kamba begani. Alikataa kuketi. Alisema juzi alitoka kanisani mapema akamkuta mzee amefika kwenye mto, na kamba hii hii, akielekea kwenye mizinga. Alimrudisha. Atakwenda tena, akasema, kwa sababu asali imeiva na yeye anaisikia. Atangoja tu siku mkewe akiwa mbali. Alikuwa amefikiria kuichoma moto mizinga yote. Alikuwa hata amebeba mafuta ya taa siku moja mpaka chini ya mti wa kwanza.

"Nikivuna mimi, hatakuwa na la kufuata kule," akasema. "Nilimwomba anifundishe, akageukia ukuta. Wewe alikufundisha."

Nikachukua daftari langu la maandalio. Tukaenda jua likiwa limeanza kulegea, kwenye mzinga niliojua una nyuki wapole kuliko wengine. Nilisokota magome makavu nikayawasha, nikamsomea kutoka kwenye daftari kama ninavyosomea darasa, naye akarudia kila hatua. Akajifunga gunia kichwani, kamba kiunoni, akapanda. Alikuwa na miaka arobaini na minane. Alitetemeka hata tawi likatetemeka naye, majani ya mvua mpya yakaniangukia. Nilimwambia kutoka chini apulize nyuma, angoje, apulize tena. Nilisikia nyuki wakibadilisha sauti. Waliniuma mimi mkononi na shavuni, na yeye nikaona anatulia kila alipoumwa, anafumba macho, kisha anaendelea. Nilimkumbusha masega ya mbele ayaache. Aliposhuka na ndoo alikwenda kando akatapika. Akapangusa mdomo, akauliza mzinga wa pili uko wapi. Tulivuna mitatu jioni ile.

Lilibaki la kurudi nyumbani. Mbali kabisa na mlango alivua koti, gunia, viatu, akabaki na gauni la ndani, akaniambia nimkague. Nilimkagua nywele, masikio, kila mkunjo, kama ambavyo sikuwahi kukagua ua lolote, na nilipata nyuki wawili, mmoja kwenye kola, mmoja nyuma ya kitambaa cha kichwa. Nikawaua. Akasema nikague tena. Nikakagua mara tatu. Ndipo akajifunga leso akaingia, mimi nikibeba bakuli la masega.

Mzee alikuwa amekaa kitandani. Alitazama uso wa mkewe uliokuwa umevimba, mdomo mmoja umepanda. Alichukua kipande cha sega akakitafuna taratibu, akatema nta kiganjani. Aliuliza kama ya mbele yameachwa. Mkewe akasema yameachwa. Aliuliza ni nani aliyefunga kamba.

"Mimi," akasema Mama Kavata.

"Umeifunga vibaya. Hiyo ni ya kiuno changu. Ungeteleza ingekupita kichwani."

Nilidhani atamkataza. Aliishi miaka mingine kumi na mitatu, Kavata, wewe unajua, akafa kwa kifua na si kwa nyuki, na miaka yote hiyo hakuukaribia mzinga tena. Lakini jioni ile sote watatu hatukuwa tunajua hayo. Alinyoosha mkono apewe kamba. Akamwambia mkewe asogee, asimame wima. Akaizungusha kiunoni mwake, akapima kwa vidole, akaifungua, akaikata kwa kisu, akaizungusha tena. Mama Kavata aliinua mikono akatazama mabati, machozi yakishuka kwenye uso uliovimba, na mzee, kichwa kikiwa kimeinamia tumbo lake, akaendelea kumfundisha fundo, akilifunga na kulifungua, mpaka akasema sasa afunge mwenyewe.